Maisha ya Henry Maudslay, Fundi wa Kerezo

1. Nati iliyopotea njiani



Tuseme umetoka Muleba alfajiri. Unakwenda Bukoba kwa baiskeli. Nyuma, kwenye keria, umefunga mkungu wa ndizi. Ulipokaribia Muhutwe, gurudumu la nyuma likaanza kuyumba. Unashuka na kutazama. Nati moja ya gurudumu imeanguka. Unatafuta njiani, huioni.

Utafanya nini? Utaisukuma baiskeli mpaka kwenye duka la vipuri. Utamwonyesha mwenye duka ekseli ya gurudumu. Naye atakupa nati nyingine. Utaizungusha kwa vidole, nayo itaingia. Utaikaza kwa spana na kuendelea na safari.

Jambo hili umelizoea. Lakini hebu fikiri kidogo. Nati hiyo ilitengenezwa kiwandani, mbali sana na Muhutwe. Aliyeitengeneza hajapata kuiona baiskeli yako. Imekuwaje meno ya nati yake yalingane na meno ya ekseli yako?

Miaka 250 iliyopita jambo hilo lilikuwa gumu sana. Fundi alitengeneza bolti moja na nati yake moja. Nati ya bolti hii haikuingia katika bolti ile. Mafundi walizitia alama, ili kila nati irudi kwa bolti yake. Nati ikipotea, kazi ilianza upya.

Katika somo hili utasoma maisha ya fundi mmoja aliyesaidia sana kubadili hali hiyo. Aliitwa Henry Maudslay. Jina hili ni la Kiingereza. Ukilisoma kwa sauti, sema Modsli.

2. Mtoto wa kazi

Henry Maudslay alizaliwa tarehe 22 Agosti 1771, huko Woolwich, Uingereza. Woolwich iko kando ya mto Thames, upande wa mashariki wa London. Siku hizi ni sehemu ya mji huo mkubwa.

Baba yake alikuwa fundi wa magurudumu jeshini. Alijeruhiwa vitani. Baadaye alipewa kazi katika karakana ya silaha ya serikali, hapo Woolwich. Alikufa mwaka 1780. Henry alikuwa bado mtoto, hajatimiza miaka 10.

Alipofikia umri wa miaka 12, Henry alianza kazi katika karakana hiyo hiyo. Kazi yake ilikuwa kujaza baruti katika risasi. Watoto wengi maskini walifanya kazi hiyo. Ilikuwa kazi ya hatari, maana cheche moja iliweza kuua watu wengi.

Baada ya miaka miwili alihamishiwa kwa maseremala. Lakini moyo wake haukuwa katika mbao. Ulikuwa katika chuma. Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliingia kwa wahunzi, akaanza kujifunza kazi ya tanuri, nyundo na tupa.

Wewe wa Bukoba au Muleba, uhunzi si jambo geni kwako. Huko Katuruka, karibu na Maruku, wataalamu walichimba ardhini wakakuta mabaki ya matanuri ya chuma. Matanuri hayo yalitumika karibu miaka 2000 iliyopita. Wahaya walijua kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki kwa miaka mingi sana. Basi unajua kwamba mhunzi hafundishwi kwa siku moja. Hujifunza kwa macho, kwa mikono na kwa subira.

Henry alijifunza hivyo hivyo. Mikono yake ilikuwa myepesi na jicho lake lilikuwa kali. Baada ya miaka michache habari zake zilianza kusikika nje ya Woolwich.

3. Kufuli lisilofunguka

Wakati huo huo, mjini London, aliishi mtu mmoja aliyeitwa Joseph Bramah. Mwaka 1784 Bramah alibuni kufuli la namna mpya. Lilikuwa kufuli gumu sana kwa mwizi kulifungua.

Lakini Bramah alikuwa na shida. Ndani ya kufuli lake mlikuwa na vipande vidogo vingi. Kila kipande kilitaka kipimo sawasawa. Mafundi walivichonga kwa tupa, kimoja kimoja. Kazi ilichukua muda mrefu na gharama ilikuwa kubwa. Kwa hiyo kufuli lilikuwa zuri, lakini lilikuwa shida kulitengeneza.

Bramah akasikia habari za kijana wa Woolwich. Akamwita mwaka 1789. Alipomwona alishangaa, kwa sababu Henry alikuwa na umri wa miaka 18 tu. Je, mafundi wazee watakubali kufanya kazi na kijana kama huyu?

Inasimuliwa kwamba msimamizi wa karakana alimpa Henry jaribio. Alipewa jiliwa bovu, lililochakaa meno, alitengeneze kabla ya saa za kazi kwisha. Henry alivua koti, akaanza kazi. Jioni, kabla ya kengele, jiliwa lilikuwa limekwisha, limenyooka na meno yake ni makali. Mafundi wazee walilitazama, wakaridhika. Kijana akapata kazi.

Henry hakutengeneza makufuli tu. Alitengeneza mashine za kutengenezea vipande vya makufuli. Mashine hizo zilitoa vipande vinavyofanana, kwa haraka na kwa gharama ndogo. Bramah aliweka kufuli lake moja dirishani mwa duka lake, akaahidi zawadi kubwa kwa mtu yeyote atakayelifungua bila ufunguo wake. Miaka ikapita, hakuna aliyeweza. Lilifunguliwa mwaka 1851, na kazi hiyo ilichukua siku nyingi. Bramah na Maudslay walikuwa wamekwisha kufa.

4. Shilingi 30 kwa juma

Mwaka 1791 Henry alimwoa Sarah, aliyekuwa mtumishi katika nyumba ya Bramah. Walipata watoto wanne wa kiume. Henry alipanda cheo, akawa msimamizi wa karakana yote. Alikuwa mkono wa kulia wa tajiri wake.

Lakini mshahara wake ulikuwa shilingi 30 kwa juma. Nyumbani watoto walikuwa wanaongezeka. Chakula, kodi ya nyumba na nguo vilitaka fedha. Mwaka 1797, baada ya kufanya kazi miaka minane, Henry alimwendea Bramah. Alimwomba amwongezee mshahara. Bramah alikataa.

Fikiria jambo hili, ndugu mwanakisomo. Henry alikuwa na mke na watoto. Akibaki, atapata shilingi zake 30 kila juma bila wasiwasi. Akiondoka, huenda akakosa hata hizo. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Henry aliondoka. Alikodi chumba kidogo cha kazi katika mtaa wa Wells, mjini London, akaanza kujitegemea. Bramah alibaki na fedha alizokataa kuongeza, lakini alimpoteza fundi aliyeziingiza.

5. Kerezo ni nini?

Sasa tufike kwenye kazi iliyompa Maudslay jina.

Kerezo ni mashine ya kuchongea vitu vya mviringo. Watu wengi huiita mashine ya kuchonga vyuma. Ukitaka kuielewa, geuza baiskeli yako, magurudumu yawe juu. Mwombe mwenzako azungushe gurudumu. Wewe shika chaki, uiguse tairi polepole. Chaki itachora mstari unaozunguka tairi lote. Mkono wako haukuzunguka. Kilichozunguka ni gurudumu.

Kerezo hufanya kazi kwa namna hiyo. Kipande cha chuma hushikwa imara, kisha huzungushwa. Kisu cha chuma kigumu zaidi hukigusa. Kisu hula chuma kidogo kidogo, mpaka kipande kinakuwa mviringo mzuri.

Zamani fundi alikishika kisu kwa mikono yake. Alikiegemeza kwenye kipande cha chuma na kusukuma kwa nguvu. Kwa mti, njia hiyo inafaa. Kwa chuma ni taabu. Chuma hupiga kisu, mkono hutetemeka, na kipimo huharibika. Hata fundi hodari, mkono wake huchoka ifikapo jioni.

Maudslay alikiondoa kisu mikononi mwa fundi. Alikifunga kwenye kigari kidogo cha chuma. Kigari hicho kiliteleza juu ya njia ya chuma iliyonyooka. Fundi alizungusha mkono wa mashine tu, na kigari kikasogea. Kisu hakikutetemeka tena.

Kisha aliongeza jambo la pili. Aliweka skrubu ndefu kando ya njia ya kigari. Skrubu hiyo iliunganishwa kwa gia na kile chuma kinachozunguka. Chuma kilipozunguka mara moja, skrubu ilizunguka pia, na kigari kikasogea hatua ile ile. Hivyo kisu kikachonga meno ya skrubu, na nafasi kati ya jino na jino ikawa sawa toka mwanzo mpaka mwisho. Fundi alipotaka meno makubwa au madogo, alibadilisha gia.

Kazi hii aliifanya kati ya mwaka 1797 na 1800. Kerezo lake moja la wakati huo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho mjini London.

Tuseme ukweli. Maudslay hakuwa mtu wa kwanza kufikiri juu ya kigari cha kisu. Mafundi wengine kabla yake, hata katika nchi nyingine, walikwisha kujaribu. Sifa ya Maudslay ni kwamba alilitengeneza kerezo lote kwa chuma, likawa imara na sahihi, likafaa kwa kazi ya kila siku. Tena alisisitiza kwamba skrubu katika karakana yake ziwe za vipimo vilivyopangwa. Hapo ndipo bolti na nati zilipoanza kujuana.

6. Karakana yenye kipimo

Kazi ya kwanza kubwa aliipata kutoka kwa mhandisi mmoja aliyeitwa Marc Brunel. Jeshi la majini la Uingereza lilihitaji kapi nyingi mno. Kapi ni kigurudumu cha kupitishia kamba za tanga. Merikebu moja ilihitaji mamia ya kapi. Brunel alichora mashine za kutengeneza kapi, na Maudslay akazitengeneza, zaidi ya mashine 40. Zilifungwa huko Portsmouth, na kufikia mwaka 1808 zote zilikuwa zinafanya kazi.

Mashine hizo ziliwawezesha watu 10 kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na mafundi 110. Serikali ilipata faida kubwa. Lakini wewe unaweza kuuliza, je, wale mafundi 100 walikwenda wapi? Hilo ni swali jema. Mashine huleta faida, na huleta pia shida kwa mtu ambaye kazi yake imechukuliwa. Mtalijadili darasani.

Baadaye Maudslay alijenga karakana kubwa huko Lambeth, London. Huko alitengeneza injini za mvuke za meli. Kati ya zana zake zote, alipenda sana zana za kupimia. Alikuwa na kipimo kimoja cha skrubu kilichoweza kuonyesha sehemu moja ya elfu kumi ya inchi. Huo ni unene mdogo sana kuliko unywele. Fundi wawili walipobishana, kazi zao zililetwa kwenye kipimo hicho, na ubishi ukaisha.

Vijana wengi walikwenda kujifunza kwake. Mmoja wao alikuwa Joseph Whitworth. Mwaka 1841 Whitworth alipendekeza vipimo vya meno ya bolti vifanane katika Uingereza nzima, na viwanda vingi vikavifuata. Mwalimu wake alianza katika karakana moja. Mwanafunzi akalieneza jambo hilo katika nchi.

Mwezi wa Januari 1831 Maudslay alikuwa akirudi kutoka Ufaransa, alikokwenda kumwona rafiki yake. Alipata baridi akiwa safarini baharini. Aliugua majuma machache. Alikufa tarehe 14 Februari 1831, akiwa na umri wa miaka 59. Alizikwa Woolwich, mahali alipozaliwa na alipojaza baruti akiwa mtoto.

7. Mwendo wa kerezo

Maudslay alikwisha kutuliza kisu. Lilibaki swali la mwendo. Kerezo lizunguke kwa kasi gani?

Makerezo ya wakati wake yalizungushwa kwa mguu, kwa mkono au kwa mikanda iliyovutwa na injini ya mvuke. Mota za umeme zilikuwa hazijaingia katika karakana. Leo makerezo mengi hutumia mota ya umeme. Kuna hata makerezo madogo ya kuweka mezani, ya mtu anayechonga vyuma nyumbani kwake. Ukiingia karakana yenye kerezo, utaona jambo hili kwa macho yako.

Chukua chuma chenye upana wa sentimita 10. Kikizunguka mara moja, ukingo wake hupita mbele ya kisu kwa urefu wa sentimita 31 hivi. Chuma chenye upana wa sentimita 1 hupitisha sentimita 3 tu. Kwa hiyo chuma kinene kizungushwe polepole, na chembamba kizungushwe haraka. Kwa chuma laini cha kawaida chenye upana wa sentimita 2, mizunguko 400 kwa dakika inafaa. Kwa chuma hicho hicho chenye upana wa sentimita 10, inatosha mizunguko 80. Ukizidisha, kisu huungua na kupoteza makali. Shaba na aluminiamu huvumilia mwendo wa haraka zaidi.

Shida ni kwamba mota nyingi za kawaida zina mwendo mmoja tu, karibu mizunguko 1,450 kwa dakika. Njia ya zamani ya kupunguza mwendo ni mkanda na puli. Puli ndogo ya mota ikivuta puli kubwa ya kerezo, kerezo huenda polepole lakini kwa nguvu. Ni kama mpanda baiskeli mwenye gia akipanda mlima.

Njia mpya ni kufunga mota ya fezi tatu pamoja na kisanduku cha kubadili mwendo. Kisanduku hicho hubadili idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde. Umeme wetu una mapigo 50 kwa sekunde. Yakipunguzwa yawe 25, mota huenda nusu ya mwendo wake. Fundi huzungusha kitufe tu, kama anayeongeza sauti ya redio. Kuna visanduku vinavyopokea umeme wa nyumbani wa fezi moja na kuutoa kwa fezi tatu.

Lakini zingatia mambo haya:

(a) Mota ya kawaida ya fezi moja haifai kwa kisanduku hicho. Kila mota ina kibao chenye maandishi na namba. Kisomwe kwanza. Asiyesoma kibao anaweza kuunguza mota siku hiyo hiyo.

(b) Usitupe mikanda na puli. Mota ikienda polepole sana kwa kisanduku, nguvu za kuchonga hupungua. Pia feni yake huenda polepole, nayo mota hupata joto. Kwa kazi nzito, punguza mwendo kwa puli kwanza.

(c) Kazi ya nyaya afanye fundi umeme. Waya wa ardhini usikose. Hata umeme ukizimwa, kisanduku hubaki na umeme ndani kwa dakika kadhaa. Usikifungue mara moja.

(d) Zima mashine kabla ya kugusa mkanda. Usivae glavu, wala shati la mikono mirefu iliyolegea, wala kitenge kinachoning'inia. Funga nywele. Kerezo halijui nguo na mkono.

8. Mwisho

Henry Maudslay alianza kwa kujaza baruti. Hakuanza na mali. Alianza na mikono yake, na alipenda kupima. Alipokataliwa nyongeza ya shilingi chache, alikuwa na ujuzi wa kwenda nao, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya.

Kipimo husomwa. Kibao cha mota husomwa. Namba iliyo juu ya spana yako husomwa pia. Wewe sasa unaweza kuvisoma vyote. Siku nyingine nati ikikupotea njiani, soma namba ya spana iliyoifungua, umtajie mwenye duka, kisha umwonyeshe ekseli yako. Atajua aanzie wapi kutafuta.

Maswali

1. Maudslay alianza kazi akiwa na umri gani? Ilikuwa kazi gani?
2. Kwa nini aliacha kazi kwa Bramah? Je, unaona alifanya vema?
3. Eleza kwa maneno yako kerezo linavyofanya kazi. Tumia baiskeli kuonyesha.
4. Mashine za kapi zilichukua kazi za watu wengi. Jadilini faida na hasara zake.
5. Kwa nini chuma kinene kizungushwe polepole kuliko chembamba?
6. Tafuta spana tatu. Soma na uandike namba zilizo juu yake.